Bukta ya timu ni fupi na we ni mtu wa swala: namna ya kuvaa kwa stara michezoni

Kila msimu wa mabonanza ukifika hapa Dodoma kuna watu wanarudia swali lilelile. Mtu kapewa jezi ya timu, jezi yenyewe kali, ila bukta inaishia katikati ya paja, na yeye ni mtu wa msikitini, basi anabaki kaishika mkononi hajui avae au awaambie wenzake leo tumbo linauma. Wapo walioacha mpira kabisa kwa sababu hiyo. Wapo wanaovaa tu hivohivo wakisema Mungu anajua moyo wangu. Mi naona wote wamekimbilia mbali mno, kwasababu jambo hili lina ufumbuzi na mwingi unapatikana kwa fundi cherehani na kwenye mtumba, kwahiyo tukae tulimalize.

Mpaka uko wapi

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndo wengi wetu tumesomeshwa madrasa huku, uchi wa mwanaume, yaani sehemu ambayo lazima ifunikwe, ni kati ya kitovu na magoti. Kitovu chenyewe hakimo, goti lenyewe halimo, ila huwezi kufunika hapo kati kwa uhakika mpaka uchukue kidogo cha juu na kidogo cha chini, kwahiyo nguo lazima ipite goti. Kwenye madhehebu mengine, Hanafi wao goti wameliingiza ndani kabisa. Maliki wanagawa kuna uchi mzito na uchi mwepesi, na paja wameliweka kwenye ule mwepesi. Na wapo waliosema paja sio uchi, mwanazuoni Ibn Hazm ni mmoja wao.

Ukisikia watu wanabishana kijiweni kuhusu bukta, mzizi wake ni huu. Kuna hadithi ya Jarhad, kwamba Mtume (s.a.w) alimpita paja lake likiwa wazi akamwambia alifunike kwasababu paja ni uchi. Na kuna ya Anas, kwamba siku ya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, Mtume akiwa juu ya kipando nguo ilisogea paja lake likaonekana. Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, alizitaja zote mbili akasema ya Anas ina sanadi (mlolongo wa wapokezi) yenye nguvu zaidi, na ya Jarhad ina tahadhari zaidi. Sasa ukishajua hilo unapata mambo mawili kwa mpigo: we mwenyewe chukua upande wa tahadhari ambao ndo kauli ya wanazuoni wengi, na mwenzako mwenye bukta fupi usimvunjie heshima mbele ya timu nzima kana kwamba kaingia uwanjani uchi. Nasema hivi kwasababu kuna vijana wakijifunza mas'ala mawili tu uwanja mzima unakosa amani.

Kifua na mgongo wa juu haviko kwenye uchi wa mwanaume. Ile ya mchangani timu moja inavua mashati ili mjuane, kwa hukmu ya uchi haina shida, ingawa mi bado naona bibsi (vile vizibao vya kutofautisha timu) za bei chee zinatosha na zinaacha heshima ikae, hasa uwanja ukiwa njiani wanapopita mama zetu wakitoka sokoni. Kwenye mechi yenye refa ndo usivue kabisa, ukifunga goli ukavua jezi ni kadi ya njano.

Pima nguo kwa mwendo, kioo hakisemi kweli

Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Dukani umesimama wima, bukta imegusa goti, unasema safi, unalipa. Ukikimbia inapanda, ukikaa inapanda, ukichuchumaa paja lote nje. Kinachokuvua ni mwili ukiwa kwenye mwendo, kwahiyo jaribu nyumbani kabla hujatoka, na kama huna wa kukuangalia weka simu nyuma yako irekodi video uangalie mwenyewe, afu uifute.

Anza na skwoti, shuka mpaka chini. Kama upindo umevuka goti kwenda juu, hiyo nguo ni fupi hata kama ukisimama inaonekana ndefu. Kwa uzoefu wa hivi viwanja vyetu, bukta inayoshuka kama vidole vinne chini ya goti ukiwa umesimama ndo inabaki sehemu salama ukiwa unakimbia. Afu inyanyue mikono yote miwili juu kama unarusha mpira wa kurushwa. Hapo jezi inapanda, na kama bukta umeivalia chini ya kiuno kwa mtindo wa vijana, tumbo la chini ya kitovu linaonekana mbele na nyuma ndo usiseme. Watu wanasahau kwamba huu mpaka wa kitovu unazunguka mwili mzima, mgongo wa chini nao umo. Dawa yake ni singlendi ndefu uichomekee ndani, jezi ipande inavyotaka.

Baada ya hapo sujudu. Sujudu kabisa kama unaswali, maana wengi mtaswali na hiyohiyo nguo. Ukisikia upepo kiunoni nyuma, tayari umepata jibu. Malizia kwa kukaa chini unyooshe misuli kama mnavyofanya kabla ya mechi, miguu imetanuka, uone bukta pana inafunguka vipi kwa mwenzako aliyekaa mbele yako.

Kuna kipimo kingine, cha wepesi. Inyanyue nguo juani, ukiona kivuli cha vidole vyako kwa upande wa pili basi ikilowa itaonyesha ngozi. Sharti la sitara ni kuficha rangi ya ngozi, na bukta nyeupe za bei rahisi zikipata jasho au mvua ya Januari zinageuka karatasi. Ukitaka uhakika zaidi ilowanishe uivae uone. Kama timu yenu bado haijachagua rangi, pigania bluu iliyokolea, kijani kibichi au nyeusi, na vumbi letu jekundu litawashukuru pia.

Upepo wa Dodoma nao

Aliyecheza hapa kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane anajua ninachosema. Ule upepo wa jioni haucheki na mtu, unaingia kwenye bukta nyepesi yenye mguu mpana unaigeuza mwavuli. Nguo inaweza kuwa na urefu mzuri kabisa na bado ukaachwa wazi umesimama tu kwenye ukuta wa frikiki umeziba kwa mikono. Kwahiyo kwa huku kwetu mi nashauri kitambaa chenye uzito kidogo, au taiti ndani yake, na kwa ile baridi ya asubuhi taiti inakusaidia mara mbili.

Taiti

Taiti peke yake ni mjadala. Wanazuoni wa Kishafi wanasema nguo ikificha rangi ya ngozi sitara imepatikana hata kama umbo linaonekana, swala inasihi, ila kwa mwanaume bora aepuke. Wapo wenye msimamo mkali zaidi pale inapochora sehemu za siri. Ukweli ni kwamba huna haja ya kuingia kwenye mjadala huo, vaa taiti inayopita goti halafu juu yake bukta ya timu, hata ikiwa fupi. Taiti inabeba kazi ya kuficha ngozi, bukta inabeba kazi ya kuficha umbo, mambo yameisha. Hii ndo njia rahisi kuliko zote kwa aliyepewa jezi ya timu ambayo hawezi kuibadilisha.

Angalizo kuhusu refa. Kanuni ya 4 kwenye zile kanuni 17 za soka inasema taiti au bukta ya ndani iwe na rangi moja na rangi kuu ya bukta au na rangi ya upindo wake wa chini, na wachezaji wa timu moja wakivaa wavae rangi moja. Kwahiyo ukienda na taiti nyeusi wakati bukta ni nyekundu refa ana haki ya kukutoa ukabadilishe, na hapo usianze kulalamika kwamba unaonewa kwa dini yako. Maliza mapema: mwambie nahodha wiki moja kabla, ulizia rangi, na kama mko wengi wenye nia hiyo nunueni pamoja. Kwenye fulana ya ndani nayo ni hivohivo, ifanane na rangi kuu ya mkono wa jezi.

Makipa nyie mna raha yenu. Kanuni hiyohiyo inamruhusu kipa kuvaa suruali ya traksuti, hamna wa kukuuliza. Nishaona jamaa ambaye hakuwa kipa hata kidogo akahamia golini kwa sababu hiyo tu, na baadae akawa kipa mzuri.

Nguo utazipata wapi

Usikimbilie duka la vifaa vya michezo kwanza. Nenda mtumba, pale Sabasaba au kwa Wamachinga, ulizia bukta za basketi. Zile zimeshonwa ndefu na pana tangu huko zilikotoka, kitambaa chake kizito, na kamba ya kiunoni ipo. Kwa mazoezi ya kawaida, jogingi, mchangani, hiyo inakutosha miaka. Angalia lastiki ya kiunoni kama bado inavuta, lastiki iliyochoka ni hatari kuliko bukta fupi, maana fupi inakuvua kidogokidogo, ile nyingine inakuvua mara moja.

Kama bukta ya timu lazima ivaliwe na hutaki taiti, mpelekee fundi. Mwambie aongeze kipande cha rangi ileile chini, au achukue saizi kubwa kuliko yako apunguze kiuno tu na kuacha urefu ulivyo. Hii ya pili inatoka nzuri zaidi kwasababu haina mshono unaoonekana. Mwombe pia atoboe matundu mawili mbele apitishe kamba. Dakika chache za cherehani, na kiongozi wa timu mara nyingi hana shida mradi namba na rangi vibaki.

Kubadili nguo nje

Viwanja vingi vya mtaani havina vyumba vya kubadilishia, kuna mti wa mkwaju au nyuma ya gari ya mtu. Na hapa kuna amri mbili, kutoonyesha wako na kutoangalia wa mwenzako, hadithi iliyopo kwenye kitabu cha Imamu Muslim inakataza mwanaume kuangalia uchi wa mwanaume mwenzie. Kwahiyo hata huko kwenye vyumba vya viwanja vikubwa mnakooga pamoja, kule kuzoeana kwa "sote wanaume" hakufuti kitu.

Beba msuli, ile nguo ya kujifunga kiunoni, kwenye begi. Uvae juu ya suruali uliyokuja nayo, ukaze kiunoni kama unavyokaza ukiwa nyumbani, afu fungua suruali kwa chini ishuke yenyewe. Usiinue mguu kabla hujahakikisha fundo limekaza, kama huliamini likunje mara mbili au shika ncha kwa meno, wazee wa Kondoa wanafanya hivo na hawajawahi kuaibika. Pitisha bukta miguuni ipandishe chini ya msuli mpaka juu ya kitovu, funga kamba, ndo uachie msuli. Ukimaliza mechi unarudia kwa kinyume, na msuli huohuo unakufaa kwenye swala.

Swala ikiingia mko uwanjani

Mechi nyingi za jioni zinaanza kama saa 10 na nusu, yaani alasiri inabidi uwe umeshaswali kabla ya kuvaa daluga. Magharibi ndo inakuwa mtihani. Huku kwetu jua linazama kama saa 12 na nusu mpaka saa 1 kutegemea mwezi, kipenga cha mwisho na adhana vinagongana, na wakati wa magharibi sio wa kuchezea.

Kama umevaa kama tulivyosema, unaweza kuswali hapohapo na jezi yako. Jasho sio najisi, vumbi sio najisi. Singlendi bila jezi, pamoja na hiyo bukta ndefu, inafunika uchi ila usiridhike nayo, kuna hadithi kwa Bukhari na Muslim inayokataza mtu kuswali na nguo moja ambayo mabegani hakuna kitu, na Hanbali wameichukua kwa uzito zaidi kuliko wengine kwenye swala ya faradhi. Vaa jezi yenye mikono, basi.

Kitu ambacho hapa Dodoma hakiepukiki ni mifugo. Uwanja tunaochezea jioni, asubuhi mbuzi wa watu walikuwa humo, na ng'ombe pia ukienda Nzuguni au Chamwino. Kwa Shafi kinyesi na mkojo wa mnyama vyote ni najisi, hata mnyama anayeliwa, wakati Maliki na Hanbali wanasema cha mnyama anayeliwa ni twahara. Ukiteleza kukaba ukaamka na mavi mabichi ya ng'ombe pajani na we unafuata Shafi, hiyo nguo osha sehemu hiyo au vua uvae msuli wako safi. Ndo maana msuli nimeutaja mara nyingi, unaweka na chupa ya maji pembeni, huhangaiki. Kile kinyesi kikavu cha mbuzi kilichodondoka bila kuacha chochote kwenye nguo kavu kipukute tu uendelee.

Vitu vidogo vya kwenye jezi

Hariri na dhahabu vimeharamishwa kwa wanaume. Usitishike na jezi inayong'aa, ile ni poliesta, hariri halisi hakuna atakayekupa ukachezee mchangani. Cheni ya dhahabu hiyo ndo ya kuvua, na refa naye atakuvulisha maana mapambo yote hayaruhusiwi uwanjani, hata ukiyazungushia plasta. Pete ya fedha ni halali kwako ila uwanjani nayo iache kwenye begi.

Traksuti inayoburuza chini ya kifundo ipunguze. Kwa majivuno ni haramu, bila majivuno wengi wanasema makruhu, yaani inachukiza ila sio haramu, na ukiikanyaga ukianguka hakuna wa kukuonea huruma.

Nembo zinataka kufikiria kidogo. Mtume hakuacha ndani ya nyumba yake kitu chenye msalaba bila kuuondoa, hadithi ya Bi Aisha kwa Bukhari, sasa angalia beji ya Barcelona ina msalaba mwekundu kwenye kona, ya Manchester United ina shetani kashika mkuki wake. Na jezi za timu zetu kubwa hapa Tanzania miaka imepita zikibeba matangazo ya bia, zikaja za kubeti. Mi siwezi kuswali na kifua kinachotangaza kamari hata kama swala inasihi, na nikipewa nafasi ya kuchagua jezi ya kununua nachukua ya zamani isiyo na mdhamini, au naenda kwa mtu wa kuprinti anitolee jina lake. Wachezaji wakubwa walishalipitia hili: Hashim Amla alicheza kriketi ya Afrika Kusini bila nembo ya bia kwenye jezi yake, na Frédéric Kanouté akiwa Sevilla mwaka 2006 alilifunika jina la kampuni ya kubeti. Kama wao waliweza kuongea na timu zao, we huwezi kuongea na katibu wa timu ya mtaani hapa Nkuhungu?

Michezo mingine kwa haraka

Basketi huna la kuhangaika nalo. Voliboli bukta zake ni fupi, fanya ile ya taiti. Riadha na marathoni, zile bukta zilizopasuliwa pembeni achana nazo, taiti ya mpaka gotini na bukta nyepesi juu yake haikupunguzii kasi ya maana kwenye kilomita 5 za Jumamosi asubuhi. Baiskeli vivyo hivyo, taiti yenye sponji ndani, pensi juu. Karate na judo zina suruali, shukuru. Ngumi, chukua bukta ndefu ya kiuno cha juu, zipo.

Jimu shida yake ni vioo na watu mchanganyiko. Ukifanya skwoti na vyuma usimame mgongo ukiwa upande wa ukuta, sio upande wa mlango, na kwenye benchi usilale umekunja miguu juu ukiwa na bukta pana bila taiti, aliyekaa miguuni kwako anaona kila kitu. Na macho yako pia yana sehemu yake, amri ya kuinamisha macho kwenye Suratun Nur imewaanza wanaume, aya ya 30, kabla haijafika kwa wanawake.

Kuogelea kumebaki mwisho kwasababu nguo inayoficha vizuri ukiwa nje inaweza kukusaliti ndani ya maji. Zile chupi za kuogelea sahau. Kanuni za mashindano ya dunia tangu 2010 haziruhusu vazi la mwanaume kupanda juu ya kitovu wala kushuka chini ya goti, yaani hata muogeleaji wa mashindano anaruhusiwa vazi linaloanzia usawa wa kitovu mpaka gotini, tatizo lake linabana mno, na huo mpaka wa kuishia gotini unakubana we unayetaka lipite kidogo. Kwa bwawa la hoteli, ambalo hakuna anayekupigia saa, vaa hilo la kubana ndani na juu yake pensi ya naylon inayopita goti, ya kitambaa cha pamba usivae, inavuta maji inakuwa nzito inashuka kiunoni, na mabwawa mengi wanaikataa. Mifuko ya pensi iwe ya neti au mwambie fundi aikate, la sivyo inajaa hewa unaelea na puto mbili mapajani. Kamba ikaze kabla hujaruka maana ukiruka kutoka juu maji ndo yanafanya kazi ya kuvua. Na ukitoka pensi inagandia mwilini yote, kwahiyo taulo usiliache kwenye kiti kule kwenye kivuli, litundike kwenye chuma cha ngazi unayotokea.